Pawa valvu ya pikipiki ya tu-stroku: nilivyoiua ya kwanza, na ninavyoisafisha sasa

Pikipiki yangu ni Yamaha YZ125, ya tu-stroku, yaani injini ya mipigo miwili ya pistoni kwa kila mlipuko. Niliinunua Dar es Salaam kwa jamaa aliyekuwa anahama, ikapanda Arusha juu ya lori la vitunguu lililokuwa linarudi tupu. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa raha tupu kwenye vumbi la Kisongo. Kisha ikaanza ugonjwa wa ajabu: chini inavuta vizuri, lakini ikifika pale inapotakiwa kulia kama nyuki waliochokozwa, inagoma. Unazidi kuvuta mafuta, yenyewe inaguna tu.

Fundi wa kwanza aliisikiliza nusu dakika akasema ringi zimekwisha. Nikanunua pistoni na ringi, tukafunga, nikaenda kujaribu. Hali ile ile. Pistoni ya zamani ninayo mpaka leo, na bado ingeweza kutembea msimu mzima.

Tatizo lilikuwa pawa valvu. Mafundi wengi wa bodaboda hawajawahi kuiona na siwalaumu, kwa sababu injini za foo-stroku wanazozifungua kila siku hazina kitu hicho. Kwenye tu-stroku moshi hutokea kwenye tundu lililo ubavuni mwa silinda, na pistoni ikishuka ndiyo inayolifungua. Tundu likiwa refu kwenda juu, moshi unatoka mapema na injini inapenda mbio. Likiwa fupi, mlipuko unaisukuma pistoni kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutoka, ndiyo nguvu ya kupandia mlima taratibu. Huwezi kuwa na tundu la urefu wa aina mbili, ila ukiweka kipande kinachozunguka kwenye paji la tundu, kikalifupisha injini ikiwa taratibu na kulirefusha ikikolea. Yamaha waliingiza ujanja huo kwenye pikipiki zao za mashindano mwaka 1977, na kwenye YZ yangu unaendeshwa na gavana: vigololo vya chuma vilivyo ndani ya kava la upande wa klachi. Injini ikikimbia vinatawanyika, vinasukuma springi, springi inasukuma kifimbo, kifimbo kinazungusha valvu. Hakuna umeme wala kompyuta.

Kwa hiyo valvu ikigandia imefungwa, juu haiendi. Ikigandia wazi, chini inakuwa butu na unaishia kuichezea klachi kila kona. Kabla hujanunua chochote, fungua kile kifuniko kidogo ubavuni mwa silinda, mwambie mwenzako awashe na avute mafuta kwa pumzi moja fupi, wewe tazama mkono wa valvu. Unatakiwa uruke na kurudi. Wangu ulitikisika kama mtu anayesinzia, basi.

Sasa kosa langu. Nilizitoa valvu (kwangu ni vipande viwili vinavyokutana katikati), nikakuta masizi yamegandamana kama ukoko wa ugali kwenye sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikawaza, kitu gani kinakula uchafu wa namna hii? Nikakumbuka kostiki, ile wanayotengenezea sabuni. Nikaikoroga na maji ya moto kwenye kopo, nikatumbukiza valvu, nikaenda kulala. Usiku nilisikia kopo likichemka lenyewe na nikafurahi, nikidhani dawa inafanya kazi. Asubuhi masizi yalikuwa yametoka kweli, pamoja na nusu ya ngozi ya valvu. Zilikuwa za alumini, na kostiki na alumini ni fisi na mzoga. Uso umetoboka matundu madogo madogo, kingo zimelika, na nilipozirudisha zilicheza ndani ya silinda kama jino la mtoto. Mapovu yale nayo ni gesi ya haidrojeni, inashika moto. Kwa hiyo usitumie kostiki, wala dawa ya kuzibulia mabomba, wala ile ya kusafishia oveni. Kuagiza nyingine kulinigharimu wiki sita za kutembea kwa miguu.

Hizi mpya nimezisafisha mara nne sasa, na dawa yake ni mafuta ya taa na subira.

Anza injini ikiwa baridi. Ukitoa valvu silinda ikiwa mahali pake, ipandishe kwanza pistoni mpaka juu kabisa ili sketi yake, yaani ukuta wake wa chini, izibe lile tundu, maana punje moja ya masizi ikidondoka ndani inaweza kuukwaruza ukuta wa silinda. Mimi hupendelea kusubiri zamu ya kubadili pistoni, nikang'oa silinda nzima na kuifanyia kazi mezani. Piga picha kila hatua. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye kipande cha kushoto, kwa sababu vikishakuwa visafi vinafanana kama pacha na ni rahisi kuvigeuza.

Oringi na sili, zile pete za mpira, zivue kabla ya kuloweka, zikinywa mafuta ya taa zinaweza kuvimba. Loweka siku nzima. Siku ya pili ukoko unakuwa laini kama lami ya mchana, unautoa kwa kijiti cha mwanzi ulichochonga ncha, kadi ya benki iliyokwisha muda na mswaki. Palipogoma kabisa tumia brashi ya shaba. Bisibisi, msasa na brashi ya waya kwenye grainda viache sandukuni. Pengo kati ya valvu na pistoni ni dogo sana, na mkwaruzo mmoja unaacha ukingo uliosimama ambao pistoni itaukuta siku moja.

Watu wengi husafisha valvu wakasahau nyumba yake. Viringisha kitambaa chenye petroli kwenye kijiti, zungusha ndani ya silinda pale valvu inapokaa mpaka kitoke cheupe. Halafu ijaribu ikiwa kavu: ichomeke, izungushe kwa kidole kimoja. Ikikwama popote, rudi kwenye mwanzi.

Wakati wa kufunga, paka oili ya tu-stroku kidogo tu. Grisi itaungua na kuwa ukoko mwingine. Skrubu ndogo zinazoshika vipande zipake Loctite, gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, kwani zikilegea njia yao ni moja tu, ndani ya injini. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Kisha toa plagi, sukuma kiki kwa mkono polepole huku valvu ikiwa imefungwa, kisha ikiwa wazi. Ukisikia chochote kinagusa, fungua tena.

Ila niseme ukweli, mara ya pili ukoko ulirudi ndani ya mwezi, na hapo ndipo nilipoacha kuilaumu valvu. Pikipiki ilikuwa na jeti (vitundu vya kabureta vinavyopima petroli) za Dar, usawa wa bahari, na mimi naiendesha kwenye mita 1,400 hivi ambako hewa ni nyepesi. Petroli ilikuwa inazidi hewa, haiungui yote. Juu ya hapo nilikuwa nachanganya oili kwa jicho, nusu lita kwa lita 10 za petroli, yaani 1 kwa 20, wakati kitabu kinasema 1 kwa 30. Kwa lita 5 hiyo ni mililita 167, napima kwa bomba la sindano kubwa la duka la dawa za mifugo. Jeti kuu nilishuka hatua mbili, hatua moja kila safari, nikitazama plagi kila mara mpaka ikawa rangi ya kahawia. Usiruke hatua zote kwa pamoja. Petroli ikipungua mno, pistoni inanata kwenye silinda.

Tangu hapo naifungua kila baada ya masaa 30 ya kuendesha, na ninachokikuta ni utando mwembamba unaotoka kwa kitambaa. Na vitambaa vyenyewe, vile unavyoziba matundu ya silinda wakati wa kazi, vihesabu kabla hujapiga kiki. Kimoja cha kwangu kilitokea kwenye ekzosi.