Kwa mnaoshika daftari la maoni ya wananchi

Nimeona tena tangazo la kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti: limetoka Ijumaa, kikao ni Jumatatu saa tatu asubuhi, na hati iko kwenye tovuti, PDF iliyoskaniwa, Kiingereza kitupu. Aliyeliandaa ni kijana mwerevu, na ananieleza kwa fahari kwamba safari hii kuna fomu ya mtandaoni. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanizeesha.

1. Jueni kalenda. Miradi huingia kwenye ADP, yaani mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti, ambao hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Ukingoja makadirio ya bajeti ya Aprili, unamwomba mwananchi achague rangi ya nyumba iliyokwisha kujengwa.

2. Fomu ya mtandaoni ni nyongeza tu. Julai 2011 Kenya ilizindua tovuti ya data huria, tukapigiwa makofi hadi ng'ambo, kisha data nyingi zikakaa bila kusasishwa. Kuzindua kuna keki na kamera. Kusasisha hakuna hata chai.

3. Msifupishe watu. Hili niliwahi kulifanya mwenyewe. Nilitumwa na ofisi fulani kunakili maoni katika wadi moja ya Eastlands, Nairobi. Mama muuza mboga akasimama: kioski cha maji kimechorwa pale malori yanapogeuzia, na wanaochota maji jioni ni watoto, basi kisogezwe upande wa pili. Akaketi. Nikarudi ofisini, nikafungua ekseli, nikapanga maoni kwa sekta na kuyapaka rangi. Maneno yake yakawa alama moja kwenye safu ya "Maji na usafi: wanaunga mkono". Wanaunga mkono! Bosi akalisifu jedwali. Kioski kikajengwa palepale.

Mwaka uliofuata tukarudi ukumbi uleule. Mama yupo, ila hanyanyui mkono. Nikamfuata: "Mama, mbona leo kimya?" Akasema, "Mwanangu, mimi niliongea. Wewe ndiye ulikuwa unaandika." Nilipolitafuta daftari la siku ile, nilikuta maneno yake yote, tena kwa hati nzuri. Niliyapoteza mimi, katika kuyapanga.

Siku hizi jedwali langu lina alichosema mtu kwa maneno yake, jibu, sababu ya jibu, na afisa aliyelitoa. Nalirudisha ukumbini hata kama jibu ni hapana. Ukimwambia mtu "haiwezekani, ardhi ile ni ya reli," atanuna, lakini kikao kijacho atakuja.

Msinijie na hoja za mawakili. Najua Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mnamo Julai 2024, ushirikishaji wa umma ukiwa miongoni mwa hoja, na Mahakama ya Juu ikaifufua Oktoba. Huyo mama hangoji hukumu. Anangoja kioski.

4. Mwananchi akiandika kuomba nakala ya mkataba, sheria ya 2016 ya kupata habari inakupa siku 21 za kumjibu, na "faili iko kwa mkubwa" si jibu.

5. Chai itolewe kabla MCA, mwakilishi wa wadi, hajashika maikrofoni. Akishaishika, wenye vibanda watakuwa wamerudi kuuza, na mtabaki mkiandika maoni ya wapambe wake.