Kamera ya dereva na VTS si kitu kimoja
Hapana kaka, ulivyosema kamera za madereva ni ileile VTS, mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), umechanganya. VTS inaonyesha basi liko wapi na spidi gani, ukipita 80 inapiga kelele, na i-button, kile kitufe cha dereva kujitambulisha, inasema nani kashika usukani. Ni hayo tu, kusinzia haikujui. Kamera inakaa kwenye dashibodi inamwangalia dereva usoni kwa infraredi, ndo maana hata usiku inaona, macho yakifumba muda mrefu kuliko kawaida au akiinamia simu inalia hapohapo na klipu inaenda ofisini. Ila bosi akiifanya ya kukata mishahara tu madereva wataibandika plasta, na siwalaumu sana, mtu umempangia Dar mpaka Tunduma peke yake unategemea asisinzie?