Mshauri wa afya ya akili kwenye jamii anafanya nini hasa?

Dada, umeuliza mshauri wa afya ya akili kwenye jamii ana kazi gani kama hagawi dawa. Angalia Harare, Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa aliyejitoa uhai. Familia ilikosa nauli ya basi, dola 15 tu, ya kumfikisha hospitali. Inauma. Mwaka 2006, alipotaka kuanzisha huduma karibu na watu huko Mbare, mtaa wa Harare, hakupewa chumba wala wauguzi. Alipewa bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii, na mabenchi nje ya zahanati.

Kazi yake ikawa kuwafundisha bibi hao, kuwasimamia na kupokea waliozidiwa, hasa wenye mawazo ya kujiua. Bibi anauliza maswali 14, anasikiliza, kisha yeye na mgeni wake wanachagua tatizo moja na hatua ya kuanza nayo. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, watu wakalikwepa. Bibi wenyewe wakataka liitwe benchi la urafiki. Ugonjwa nao wanauita kufungisisa, Kishona cha kile sisi tunachosema “ana mawazo”.

Utafiti uliochapishwa 2016, katika zahanati 24, ulikuta baada ya miezi sita dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, zimebaki kwa takriban asilimia 14 ya waliokaa benchini, na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Akija mshauri wilayani kwenu, muulize amefundisha wahudumu wangapi na anawatembelea mara ngapi.