Maswali na majibu: Sukari ya mkojo isiyo kisukari

Zahanati walichovya kijiti kwenye mkojo wangu wakasema hauna sukari. Kijana wangu wa chuo asema watafiti wanatafuta "peptidi zenye sukari" humo humo. Nani kakosea? – Mama wa Likoni

Hakuna aliyekosea, mama. Kijiti kilitafuta glukosi, sukari iliyo peke yake. Figo huirudisha karibu yote kwenye damu, ila glukosi ya damu ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita, humwagika kwenye mkojo. Ndiyo maana mkojo wa mwenye kisukari huvuta sisimizi.

Peptidi ni vipande vya protini. Seli zinapotengeneza protini, nyingi huzipachika minyororo ya sukari, na minyororo hiyo haihusiani na chai unayokunywa. Kipimo cha mimba cha dukani kinanasa kitu cha aina hii: homoni ya hCG, ambayo karibu 30% ya uzito wake ni sukari. Katika koriokasinoma, saratani adimu itokanayo na chembe za kondo la nyuma, hCG hutoka na matawi makubwa zaidi ya sukari. Hapo ndipo watafiti wanapopata hamu: seli ikiugua, upachikaji wake wa sukari hubadilika, na mabaki yake huishia chooni.

Nasomea maabara. Peptidi hizo husomwa vipi? – Mwanafunzi, Tudor

Kwanza ondoa chumvi na yurea. Protini nzima hukatwa kwa kimeng'enya cha tripsini, ambacho hukata baada ya asidi amino za lisini na ajinini. Vipande vingine mwili umeshavikata wenyewe. Kisha chuja ubaki na vyenye sukari, maana visivyo na sukari ni vingi na huvifunika. Mwisho ni spektrometa ya masi: hupima uzito wa kipande, hukivunja, hupima tena vijipande.

Ugumu ni kwamba pahala pamoja kwenye protini paweza kubeba minyororo tofauti, tena sukari za galaktosi na manosi zina uzito ule ule, hivyo uzito pekee hautakuambia ipi ni ipi. Halafu kuna uromodulini, protini ya figo iliyoelezwa na Tamm na Horsfall mwaka 1950. Ndiyo nyingi kupita zote katika mkojo wa mtu mzima wa afya, nayo huzifunika zile adimu. Na usisahau joto letu: mkojo wa mchana wa Februari, mtu hajanywa maji, ni mzito kuliko wa asubuhi ya masika. Linganisha na kreatinini, taka ya misuli itokayo kwa kiwango karibu kile kile kila siku, la sivyo utadhani kiu ni ugonjwa.

Kwetu Kwale kichocho hakiishi. Utafiti huu watufaa? – Msomaji, Changamwe

Sana, na ningependa pesa zaidi ziende huko. Minyoo ya kichocho hutapika ndani ya damu yetu vitu vyenye sukari nyingi kutoka matumboni mwao. Kimojawapo, CAA, hufika kwenye mkojo. Kwa kawaida sisi hutafuta mayai kwa hadubini, katika mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, lakini minyoo ikiwa michache mayai hukosekana. CAA huonyesha kuwa minyoo ingali hai, na hupungua dawa ya praziquantel ikifanya kazi. Kichocho cha mkojo kisichotibiwa chaweza kuleta saratani ya kibofu. Mtoto akikojoa damu, mpelekeni leo, msingoje kipimo kipya.

Nina miaka 66, mkojo watoka kwa shida. Mkojo pekee waweza kuonyesha saratani ya tezi dume? – Mzee, Kisauni

Bado, mzee wangu. PSA ni protini ya tezi dume yenye sukari, na watafiti wanalinganisha sukari zake kati ya saratani na uvimbe wa kawaida wa uzee. Wewe nenda upimwe PSA ya damu na daktari akukague.

Jamaa mtaani anauza kipimo cha mkojo cha "magonjwa yote". Ninunue? – Bi mmoja, Majengo

Usinunue, dada. Kipimo kiitwacho CKD273 hutazama peptidi 273 kwa pamoja, na hizo zote ni kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu, wa figo. Muulize jamaa huyo kipimo chake kinatazama nini, na kimelinganishwa na wagonjwa gani.