Tangi la maji chumvi linavuja: kabla hujapaka silikoni tena

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, kioo cha milimita 10, sampu (tangi dogo la kuchujia maji) ndani ya kabati chini yake, na kila asubuhi unakuta maji sakafuni upande wa kulia. Umeshapaka silikoni kona hiyo mara mbili na bado maji yapo. Ushauri wangu ni kwamba hiyo bunduki ya silikoni uiweke kando kwanza. Bado hujajua maji yanatoka wapi, na kona unayoihangaikia huenda haina kosa. Maji yakishatoka hutambaa chini ya kioo, yakafuata ubao wa kabati, yakaja kuonekana pale ambapo sakafu imeinama.

Nimefuga samaki wa maji chumvi hapa Dar kwa miaka kadhaa na nimesaidia watu kufunga matangi yao. Mivujo mingi niliyoifuatilia imeishia kwenye mabomba au kwenye mpangilio wa sampu. Kioo tunakikimbilia kwa sababu ndicho kinachotisha.

Kabla ya yote, umeme. Chomoa kila kitu kabla hujaingiza mkono ndani ya hilo kabati lenye maji. Kisha panga nyaya upya: kila waya unaotoka majini uning'inie chini ya soketi halafu ndiyo upande, ili tone linaloufuata lidondoke sakafuni na lisiingie kwenye soketi. Na mwite fundi umeme akufungie sakiti breka ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja, kwenye laini hiyo. Maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba, hili si la kufanyia mzaha.

Sasa tutafute. Wewe una bahati moja ambayo mtu wa maji baridi hana, nayo ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na yakikauka chumvi haiendi popote. Chukua tone la hayo maji ya sakafuni, liweke kwenye sahani nyeusi, liache likauke. Likiacha utando mweupe, ni maji ya tangi. Lisipoacha kitu, ni maji yako ya kujazia, au ni jasho la bomba la chila, mashine ya kupoza maji (pwani hewa ina unyevu mwingi, bomba la baridi hutokwa jasho usiku kucha). Kuna watu watakuambia uonje kwa ulimi. Usifanye hivyo kama una zoanthidi au palithoa (wanyama jamii ya matumbawe) humo ndani, baadhi yao wana sumu kali sana.

Kipimo cha pili ni rifraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi ya maji. Umeandika kwamba maji yanapungua na hujui kama ni mvuke au ni mvujo. Mvuke huchukua maji ukaacha chumvi, kwa hiyo ukijazia maji yasiyo na chumvi hadi kwenye alama yako, kipimo kinarudi 35 kilekile. Mvujo huondoka na chumvi. Tuseme mfumo wako mzima una lita 300 na unapoteza lita 2 kwa siku kwa kuvuja. Ukijazia maji matupu wiki nzima, utakuta 35 imeshuka hadi karibu 33 na nusu. Weka alama kwa kalamu kwenye chemba ya pampu (sehemu ya sampu inamokaa pampu), jazia hadi hapo kila siku saa ileile, andika namba. Hakikisha tu rifraktomita umeisahihisha kwa kimiminika cha 35, maana nyingine hudanganya zenyewe.

Halafu kuna jambo umelitaja kwa kupita tu: umeme mtaani kwenu hukatika usiku. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu maji yako yanaonekana asubuhi na mchana sakafu ni kavu. Pampu ikizimika, maji ya juu hurudi sampuni kupitia bomba lilelile lililokuwa linayapandisha, kama mtu anayenyonya petroli kwa mpira. Yataendelea kushuka mpaka mdomo wa bomba uvute hewa. Piga hesabu: tangi lako kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Kama mdomo wa bomba umezama sentimita 4, hizo ni lita 24 zinazoshuka, bado hujaweka yaliyomo ndani ya mabomba na kwenye boksi la kumwagikia, lile ambamo maji ya tangi humwagikia yakielekea sampuni. Sampu ya 80 kwa 40 itapanda sentimita 7 na nusu kwa hizo lita 24 peke yake. Je, hiyo nafasi unayo? Umeme ukirudi pampu inayapandisha tena, wewe unaamka unakuta kila kitu kiko sawa isipokuwa sakafu.

Jaribu mchana ukiwa umesimama hapo. Zima pampu ukutani, usiguse kitu kingine, subiri mpaka maji yaache kabisa kushuka. Sampu ikifurika, kazi imeisha, mvujo wako umeupata na silikoni haihusiki. Inua mdomo wa bomba uwe karibu kabisa na uso wa maji, kisha punguza maji ya sampu hadi jaribio likipita bila kufurika. Washa pampu, chora mstari pale maji yalipotulia, na usijaze kupita mstari huo tena. Unaweza pia kutoboa tundu dogo kwenye bomba chini kidogo ya uso wa maji ili livute hewa mapema, ila mwani na konokono huliziba, lazima ulisafishe mara kwa mara. Ile valvu ya kuzuia maji yasirudi ambayo mafundi bomba huifunga kwenye visima siitegemei hata kidogo. Chembe moja ya mchanga ikikaa mlangoni, inapitisha.

Ukiwa hapo, pima pia hali ya kinyume. Bomba la kushusha likizibwa na konokono, pampu itaendelea kupandisha hadi chemba yake ikauke, na tangi la juu linafurika. Kwa hiyo maji yaliyo kwenye chemba ya pampu yasizidi nafasi iliyobaki juu ya tangi. Sentimita 3 za nafasi kwako ni lita 18 tu.

Kama jaribio la pampu limepita na bado kuna maji, tenganisha. Pampu ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa na sehemu imekaushwa vizuri, je, matone yanaendelea? Yakikoma na kurudi pampu ikiwaka, shida iko kwenye bomba la kupandisha au la kushusha. Yakiendelea, ni tangi lenyewe, sampu, au tanki konekta (kiungo kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo). Usisahau boksi la kumwagikia: kama silikoni yake inapitisha, pampu ikizima maji ya tangi yatashuka polepole chini ya meno ya boksi na kwenda kujaza sampu usiku.

Tanki konekta ndiyo ninayoishuku kuliko vyote baada ya umeme. Ni ileile ya matangi ya plastiki ya juu ya nyumba, na mafundi huifunga kwa mazoea ya huko. Washa ya mpira inakaa upande wa maji, kati ya kioo na ule mdomo mpana, na nati inabaki upande mkavu. Wengi huiweka upande wa nati, na hapo maji yanapita kwenye nyuzi bila kizuizi. Usipake silikoni juu ya mpira, inaufanya uteleze na ujikunje. Kaza kwa mkono, ongeza kama robo mzunguko, basi. Ukikaza kwa spana kubwa utapasua kioo. Na angalia, baadhi ya nati hizi hufungwa kinyume na kawaida, unaweza kudhani unakaza kumbe unalegeza. Kisha tazama bomba lililoning'inia chini yake: kama limekaa mshazari au halina klipu ya kulishika kwenye kabati, uzito wake unavuta konekta saa zote.

Kwenye PVC, kuna viungo vya inchi na vya milimita vinauzwa duka moja. Bomba la robo tatu lina kipenyo cha nje cha milimita 26.7, na kiungo cha 25 hakilingani nalo. Fundi akilazimisha kwa gundi nyingi, kitashika kwa muda na kuanza kutoa jasho baadaye. Thread tape isizidi raundi tatu nne, ukiijaza sana kile kiungo cha kike hupasuka ufa mwembamba ambao huuoni mpaka uupake vumbi la chaki. Klipu za chuma hapana, maji chumvi hula hata zile zinazoitwa hazishiki kutu.

Kuhusu skima, chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu, ilegeze tu usiku mmoja uone. Silikoni mbichi huifanya ifoke povu, na povu lililofurika likitiririka nje ya sampu linafanana kabisa na mvujo.

Ikibainika kweli ni kioo, njia ni moja na haina mkato. Silikoni mpya haishiki juu ya iliyokwisha kukauka, na kupaka kwa nje hakusaidii kwa sababu maji yanaisukuma itoke. Hamisha samaki, toa maji, kwangua kwa wembe silikoni yote ya ndani (yote, si ya kona hiyo tu, la sivyo itavuja pale mpya inapokutana na ya zamani), futa kwa asetoni, paka mkanda mmoja bila kusita. Chagua silikoni tupu inayonuka siki, isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu. Hukauka milimita 2 hadi 3 kwa siku kuanzia juu, kwa hiyo ipe wiki nzima. Kisha jaza maji matupu, juu ya gazeti, kwenye sehemu iliyopimwa kwa pima maji. Kama kiungo chenyewe kati ya vioo viwili kimeachia, si ule mkanda wa ndani tu, usikitie kiraka. Kivunje chote kijengwe upya.

Fanya jaribio la pampu leo, uandike hapa sampu imepanda sentimita ngapi. Na piga picha ya konekta kutoka chini, nione mpira uko upande gani.