Draiva ya MySQL ndani ya mfumo ninaouza, nitadaiwa sosi kodi?

Swali: Kaka habari za kazi. Nina mfumo wa mauzo nimeuandika kwa Java, nawauzia wenye maduka ya vipuri hapa Kariakoo, nawafungia kwenye kompyuta zao na sosi kodi (maandishi ya programu niliyoyaandika mwenyewe) siwapi. Databesi ni MySQL. Sasa jamaa mmoja kaniambia draiva niliyotumia kuunganisha Java na databesi, MySQL Connector/J, ina leseni ya programu huria iitwayo GPL, eti mteja anaweza kunidai sosi kodi yote. Kweli au ananitisha tu?

Jibu: Hajakutisha bure mdogo wangu, ila kachanganya kidogo. GPL haikatazi kuuza, uza hata milioni kumi. Kinachoamsha masharti yake ya kutoa sosi kodi ni kusambaza, yaani ile siku unachomeka flashi kwenye kompyuta ya mwenye duka unakopi folda lako na ndani kuna mysql-connector-j.jar, faili la hiyo draiva. Mfumo ungekaa kwenye seva yako mwenyewe wateja wakaingia kwa brauza tu, GPL 2 isingekugusa maana hujampa mtu nakala. Na anayekufuata kwa kawaida ni mwenye hakimiliki, yaani Oracle, siyo muuza vipuri.

Je programu inayoita draiva kupitia JDBC (njia ya kawaida ya Java kuongea na databesi) inahesabika ni kitu kimoja na hiyo draiva? Hapo wanasheria wenyewe wanabishana, na mimi nisingependa kesi yako ndiyo iwe ya kufundishia wengine. Oracle wana leseni ya kulipia kwa wanaotaka kuficha sosi kodi, na ule msamaha wao wa FOSS ni wa programu huria tu, wewe haukuhusu.

Ningekuwa wewe ningebadili draiva wiki hii hii. MariaDB Connector/J inaongea na seva ya MySQL vizuri tu na ni LGPL 2.1, yaani ndugu yake GPL aliye mlegevu zaidi, hiyo inakuruhusu kubaki na sosi kodi yako. Kazi yenyewe ndogo, unatoa jar ya zamani, unaweka mariadb-java-client, kwenye anwani ya kuunganisha databesi unabadili jdbc:mysql: inakuwa jdbc:mariadb: (toleo la 3 linaikataa ile ya zamani mpaka uongeze permitMysqlScheme, watu wengi wanakwama hapo wanadhani paswedi imekosewa), halafu unajaribu ripoti zote, hasa zenye tarehe. Ila LGPL nayo ina yake: mteja lazima aweze kubadilisha hiyo draiva akitaka, kwa hiyo ule mtindo wetu wa kusaga kila kitu kuwa jar moja kubwa acha, iache kwenye folda la lib na uweke maandishi ya leseni pembeni. Mkataba wako ukiwa na kile kipengele cha "hairuhusiwi kufungua wala kuchunguza programu" kirekebishe, LGPL inataka uruhusu uchunguzi wa kutatua hitilafu baada ya mabadiliko hayo.

Mfumo mpya ukianza leo tumia PostgreSQL, draiva yake ya JDBC ina leseni nyepesi ya BSD, unabeba tu tangazo la hakimiliki basi umemaliza.

Na seva ya MySQL usiitie ndani ya instola yako, mteja aishushe kwa Oracle, maana ukiigawa wewe unabeba na wajibu wa kutoa sosi ya hiyo MySQL. Kwa maduka uliyokwisha kuwafungia, ukipita kuwafanyia apdeti toa ile jar, na usisahau nakala iliyobaki kwenye folda la bakapu.