Asidi ya kusafishia marumaru na ile ya viwandani: ni ile ile?

Mleta mada, umeuliza mambo matatu. Kwanza, kama hilo dumu la lita tano ulilonunua Ngamiani hapa Tanga kusafishia marumaru (vigae vya sakafuni) ndiyo asidi ile ile ya viwandani. Pili, kama unaweza kuitia kwenye hita ya maji iliyojaa ukoko wa chokaa. Tatu, ikibaki uimwage wapi. Nimekaa na boila, yale matangi ya kiwandani ya kuchemshia maji, hapa Tanga miaka tisa, kisha miaka minne kwenye karakana ya kuchovya vyuma kwenye zinki, kwa hiyo najibu yale yaliyopita mikononi mwangu. Mnivumilie kwa urefu.

Ndiyo, ni ile ile, haidrokloriki. Kiwandani tulikuwa tunaletewa kwenye madumu makubwa ya bluu ikiwa na nguvu ya asilimia 32 hivi. Ya dukani mara nyingi imeshaongezwa maji, soma lebo. Hata iliyomo tumboni mwako ikishughulika na samaki wa mchana ni hiyo hiyo, ila nyepesi mno.

Sasa kwa nini viwanda vinaikimbilia hii wakati maji ya betri, yaani asidi ya salfyuriki, nayo ni kali? Mimi mwenyewe nilimuuliza fomani wangu swali hilo wiki ya kwanza. Hakujibu. Alichukua kokoto mbili za chokaa, za huku kwetu Amboni, akaitupia moja kwenye kikombe cha haidrokloriki na nyingine kwenye maji ya betri. Zote zilitoa povu. Baada ya muda ile ya maji ya betri ikanyamaza, imevaa koti jeupe, ndani jiwe bado zima. Ya haidrokloriki iliendelea kuchemka mpaka jiwe likaisha. Lile koti ni jasi, hiyo hiyo wanayosaga pamoja na klinka (mawe yaliyochomwa tanuruni) kutengeneza saruji, na jasi haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Haidrokloriki ikila chokaa inaacha kloridi ya kalsiamu, nayo inayeyuka yote na unaisuuza ikaenda. Tangu siku ile sijahitaji maelezo mengine.

Na Tanga yetu ni mji wa chokaa. Maji ya kisima cha pale kazini yalikuwa magumu kiasi kwamba mabomba ya boila yalivaa ukoko mnene kama ganda la yai, na ukishazidi hapo unachoma mafuta bure kwa sababu moto haufiki kwenye maji. Kusafisha kulikuwa hivi: tunapima ukoko kwa makisio, tunachanganya asidi iwe kama asilimia 8 (lita moja ya ile ya 32 kwa maji lita tatu na nusu), tunatia dawa maalumu inayokaa juu ya chuma kuzuia asidi isiingie kwenye bomba lenyewe, halafu pampu inazungusha. Kila nusu saa unachota kidogo kupima nguvu ya asidi. Ikiwa inashuka, ukoko bado upo. Ikigoma kushuka, kazi imekwisha, toa haraka. Unasuuza, kisha unapitisha maji ya magadi soda kuua asidi iliyojificha kwenye kona.

Hesabu ambayo wengi hawaijui: kilo moja ya ukoko wa chokaa inakula karibu lita mbili za asidi ya asilimia 32, na inatoa kama lita 240 za gesi ya kaboni dioksidi. Lita 240 kwa kilo moja tu! Fikiria boila yenye kilo hamsini. Ndiyo maana matundu yote ya juu huachwa wazi na hakuna anayeruhusiwa kuwasha hata kiberiti, maana asidi ikigusa chuma kitupu hutoa haidrojeni, na hiyo inalipuka.

Kwa hiyo hita yako, hapana. Huna hiyo dawa ya kinga, hujui ndani imetengenezwa kwa nini, na kama kuna alumini itaisha ukiangalia. Hata chuma cha pua, ambacho watu hudhani hakiguswi, haidrokloriki inakitoboa vitundu. Mwite fundi. Birika la jikoni litie siki au ndimu, uliache usiku kucha.

Kule kwenye zinki kazi ilikuwa tofauti kidogo. Chuma kipya kinakuja na ngozi nyeusi ya kiwandani pamoja na kutu, na zinki iliyoyeyuka, ya nyuzi 450 hivi, haishiki juu ya uchafu huo hata kidogo. Unakilaza kwanza kwenye haidrokloriki ya asilimia 15 hivi. Hapa napo inaishinda salfyuriki, kwa sababu inafanya kazi kwenye joto la kawaida wakati mwenzake lazima apashwe moto. Beseni likishakuwa la kijani, ujue limejaa chuma, linachoka.

Matumizi mengine nayataja mbio: kutengeneza PVC, kuzibua visima vya mafuta vilivyo kwenye miamba ya chokaa, kutoa gelatini kwenye mifupa, kugeuza wanga kuwa sukari. Kwenye vyakula huandikwa E507. Asili yake chumvi tu. Umeme unapitishwa kwenye maji ya chumvi, klorini na haidrojeni zinatoka, zinachomwa pamoja, gesi yake inanyweshwa maji.

Turudi kwenye marumaru zako. Za kauri hazina shida, asidi inaondoa saruji iliyoganda juu. Lakini kinachojaza nafasi kati ya marumaru nacho ni saruji, kwa hiyo lowesha sakafu kwa maji kwanza, paka nyepesi, suuza mapema. Terazo, ile sakafu ya saruji na vipande vya mawe iliyosuguliwa, usiiguse kabisa. Mimi nilimharibia shangazi yangu sebule, Chuda, mwaka wangu wa kwanza kazini nikijiona mtaalamu. Sakafu ilichemka vizuri, nikafurahi, ilipokauka ikawa kama mbuzi ya kukunia nazi. Mpaka leo kuna mkeka pale.

Ukisafishia choo, usichanganye na jiki, inatoka klorini na choo chenyewe ni kidogo, utaanguka humo. Dumu usilihifadhi stoo yenye vifaa. Mvuke wake unapita kwenye kifuniko kilicholegea, na spana zangu zote ziliota kutu bila kuguswa na tone.

Inayobaki usiitupe mtaroni. Weka maji mengi kwenye chombo cha plastiki kwanza, asidi ndiyo iingie kwenye maji, kisha imimine taratibu kwenye ndoo nyingine ya plastiki yenye kokoto za chokaa zilizopondwa, uwanjani, upepo ukikupa mgongo. Iache mpaka povu likome. Tupia kokoto moja mpya kuhakikisha. Isipotoa hata kipovu, hayo sasa ni maji ya chumvi chungu, yamwage mbali na kisima na mimea.